Mama Karibu na Kompyuta Iliyojaa Wageni

Wazazi wake hawakumwita Mama Karibu. Jina hilo alilipata kazini, kwenye meza ya mapokezi ya kampuni moja ya bima, ambako alikaa tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii hadi zilipogeuka nyeupe zote. Bosi wake wa kwanza, mzee aliyevuta suruali yake hadi karibu na kwapa, alimfundisha kazi kwa sentensi moja: "Binti, mtu akiuliza kama anaweza kuingia, jibu ni karibu." Pengine alikusudia kuendelea na somo kesho yake, lakini kesho yake alihamishiwa tawi jingine. Basi Mama Karibu akabaki na nusu ya mafunzo maisha yake yote.

Na nusu hiyo aliishika barabara. Kuna bwana mmoja aliyeingia siku ya mvua, akaomba kukaa kidogo kwenye benchi la wageni. Alikaribishwa. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa yake. Hakuna aliyejua amekuja kumwona nani, na kwa kuwa alikuwa na adabu na viatu safi, kila mtu aliona aibu kumuuliza. Miaka ikaenda, akawa anasaini kadi za pole pamoja na wafanyakazi. Alipoanza kulalamika magoti, walimfanyia tafrija ya kustaafu, wakampa saa ya ukutani, naye akatoa hotuba iliyowaliza watu wa idara ya madai. Siku nyingine vijana wawili walimwomba Mama Karibu awashikie mlango, maana mikono yao ilikuwa imejaa. Aliwashikia, akawatakia safari njema. Mikono yao ilikuwa imejaa mashine ya fotokopi ya kampuni.

Nyumbani kwake hali ilikuwa hiyo hiyo. Sebuleni kulikuwa na kabati la jirani aliyehama zamani, baiskeli mbili za watu ambao hata sura zao alishazisahau, na kinanda kisicho na sauti kilicholetwa "kwa siku mbili tu". Kutoka mlangoni hadi jikoni ilibidi utembee ubavu ubavu. Kwenye kochi alikuwepo shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, dereva mstaafu wa malori. Shemeji alikuja kwa wikendi moja, na kwa hesabu yake wikendi ilikuwa bado haijaisha.

Dada yake mkubwa alikuwa kinyume chake kabisa. Walipokuwa wadogo, mtu akibisha hodi, dada mtu alikuwa anapaza sauti kutoka ndani, kwa nguvu zake zote, "Hatupo!" Mgeni anabaki amesimama pale nje, ameisikia kwa masikio yake sauti ya mtu asiyekuwepo, anakuna kichwa, anaondoka zake. Mdogo mtu naye anachomoka mbio kumfuata barabarani na kumrudisha. Hivyo ndivyo walivyokua, mmoja akifukuza na mwingine akirudisha, na walipendana kupita kiasi.

Sasa Dada alikuwa mbali, nchi nyingine, kwa binti yake. Na akili yake ilikuwa imeanza tabia ya kutoka bila kuaga. Ilikuwa inatoka, inazurura, inarudi, na kila safari ilichelewa zaidi kurudi. Kwenye simu ya kawaida hakuamini sauti isiyo na uso. Aliikata na kuiweka simu ndani ya sukari. Lakini akiona uso alitulia. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, binti yake alimkalisha mbele ya skrini, na huku Mama Karibu, ambaye simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, alikaa mbele ya kompyuta.

Kompyuta hiyo alizawadiwa na wenzake siku ya kustaafu. Wiki za mwanzo ilikuwa inawaka kabla hajamaliza kuvaa miwani. Kisha wageni wakaanza kubisha. Jioni moja kadirisha kadogo kalichomoza pembeni mwa skrini: "Tafadhali, unaruhusu programu hii iwake kila unapowasha kompyuta?" Mama Karibu aliweka kikombe chini. Tangu aache kazi hakuna mtu aliyekuwa amemwomba ruhusa ya kitu chochote. Shemeji alijipakulia mwenyewe, majirani waliegesha vitu vyao bila hata kubisha hodi. Na sasa hapa kuna mtu anasema tafadhali. Alijisikia kama amerudishiwa meza yake ya mapokezi.

"Karibu sana," alisema kwa sauti, akabofya Ndiyo.

Habari zikaenea huko zinakoenea. Akaja kipepeo wa kuruka kwenye skrini na kumtakia habari za asubuhi. Ikaja programu ya kumkumbusha anywe maji, na nyingine ya kumweleza hali ya hewa ya mji ambao hakuwahi kuusikia; alizoea hata kuwaonea huruma watu wa huko mvua ikizidi. Akaja msaidizi wa printa, ingawa printa yenyewe ilikuwa imekufa na sasa Shemeji anaiwekea miguu. Akaja mlinzi wa kukamata virusi, na baadaye mlinzi wa pili, na kuanzia hapo walinzi wale wawili wakawa wanapekuana wao kwa wao kuanzia asubuhi. Zikaja pia programu tatu za kuiharakisha kompyuta. Kila moja ilikuwa inaamka mapema kuliko wenzake ili kutangaza kwamba kompyuta imekuwa nzito na chanzo hakijulikani.

Upande wa intaneti nako kila aliyepita alitundika ubao wake wa vitufe juu ya ukurasa, ubao juu ya ubao, mpaka Mama Karibu akawa anasoma habari kama mtu anayechungulia chini ya mlango.

Ikafika mahali akiwasha kompyuta anaenda kufua, anaanika, anarudi, na kumkuta kipepeo ndiyo kwanza amefika kwenye "Habari za". Neno "asubuhi" lilikuja baada ya chakula cha mchana.

"Injini baridi," alisema Shemeji kutoka kwenye kochi. Yeye kila kitu alikipima kwa lori. "Shemeji, chuma kikilala usiku kucha lazima ukipashe moto. Kifunike."

Wakaifunika kwa blanketi. Kompyuta ilipata joto kweli kweli. Feni ikaanza kunguruma mpaka vikombe vikatikisika kabatini, na mwendo ukapungua zaidi. Shemeji akasema hiyo ni dalili nzuri, lori lake nalo lilikuwa linanguruma hivyo kabla ya kupanda kilima. Hakutaja kwamba lori hilo liliwahi kuachwa kwenye kilima hicho hicho.

Jumapili moja Mama Karibu alivaa gauni lake la maua, akakaa kitini mapema, akasubiri. Picha ya Dada ilipokuja, ilikuja ya kiti kitupu. "Mama mdogo, pole," alisema binti wa Dada. "Alikaa, alikaa, akauliza tunamsubiri nani, nikamwambia, akasahau, akaenda kulala. Ana kipindi kifupi tu cha kuwa yeye mwenyewe. Ukikikosa ndiyo basi mpaka wiki ijayo."

Jumapili iliyofuata akawasha tangu alfajiri, akawa anaipitia kila mara kama mtu anayechungulia sufuria. Kila kitu kilikuwa tayari. Saa ya kupiga ilipofika, skrini ikageuka samawati, ikaandika kwamba inajisasisha, tafadhali usizime. Alikaa anaangalia kiduara kikizunguka hadi giza lilipoingia. Hakuzima, kwa sababu aliombwa kwa adabu.

Jumapili ya tatu picha ilikuja, na Dada alikuwa bado kitini. Lakini walikuwa wamemsubirisha mno. Alikuwa amejikunyata, mikono mapajani, anaangalia skrini kama mtu aliyeketi ofisini kwa wakubwa asiokuwa na hakika nao.

"Dada!" alisema Mama Karibu.

Dada akainamisha kichwa kwa heshima. "Shikamoo, mama," alisema.

Mama Karibu alishindwa kuitikia. Tangu azaliwe, yeye ndiye aliyemwamkia Dada. Alimwamkia wakiwa wachafu wa tope, alimwamkia wakiwa wamenuniana, alimwamkia siku aliyomzika mumewe. Na sasa dada yake mkubwa anampa shikamoo kama anavyompa mwanamke yeyote mzee aliyekutana naye njiani. Kipepeo akapita juu ya uso wa Dada, polepole, akisema habari za asubuhi. Picha ikaganda.

Alilia hadi Shemeji akainuka kwenye kochi, jambo lililokuwa halijatokea siku nyingi, akasimama katikati ya baiskeli mbili bila kujua afanye nini. Kesho yake Mama Karibu aliibeba kompyuta kwa mikono miwili, ikiwa ndani ya blanketi lake, akaenda nayo kwa fundi.

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamama wa makamo mwenye sauti ya mnadani na bisibisi iliyochomekwa kwenye nywele. Kibanda chake kilibanwa katikati ya kinyozi na mpiga picha za pasipoti, na mezani kwake kulikuwa na kompyuta zimelazwa wazi, matumbo nje. Alifungua ya Mama Karibu, akapuliza. Vumbi lililotoka lilimfanya kinyozi akohoe upande wa pili wa ukuta.

"Imezeeka, eti?" aliuliza Mama Karibu. Swali hilo alilibeba tangu jana. "Kichwa kimeanza kuchoka. Niambie tu ukweli, fundi, nimeshazoea."

"Imezeeka kidogo. Programu za siku hizi ni nzito kuliko ilivyotengenezewa, hilo siwezi kukuficha. Lakini si uzee unaoiua, mama." Akaiwasha, wakasubiri. Fundi alikunywa chai yake yote. Kisha akafungua orodha ya vitu vinavyoamka pamoja na kompyuta, akaanza kuishusha, na macho yakamtoka pima. "Mama, hapa unaishi na nani?"

"Na shemeji yangu."

"Nauliza humu ndani! Watu wote hawa wanafanya nini? Ukiiwasha tu wanaamka kwa pamoja, kila mmoja anaita, mimi kwanza, mimi kwanza. Kompyuta ina kichwa kimoja. Na nafasi ya kufanyia kazi ni ndogo, ikijaa inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski yenyewe umeijaza hadi kwenye kingo. Sasa itafika saa ngapi kwako wewe mwenye nyumba?"

Mama Karibu alielewa papo hapo. Aliiona meza yake ya mapokezi, watu wamejazana hadi barabarani, simu zinalia zote, na yule mtu mmoja mwenye shida ya kweli amesimama nyuma kabisa, hafikiwi. Aliwahi kuiona asubuhi ya namna hiyo. Siku hiyo alimkaribisha kila mtu, na mwenye shida alichoka akaenda zake.

"Huyu nani?" fundi alianza.

"Huyo ananikumbusha kunywa maji."

"Kiu huisikii mwenyewe?"

"Naisikia, lakini alikuja kwa adabu."

"Toka," alisema fundi, na kubofya. "Na huyu?"

"Huyo anasimamia printa."

"Printa iko wapi?"

"Ilikufa."

"Kwa hiyo ni mjane. Toka. Hawa wawili walinzi, mmoja anaondoka, chagua."

Mama Karibu akashika kifua. "Fundi, wamekaa pamoja muda mrefu."

"Wamekaa wakipekuana mifuko! Hawana hata muda wa kumwona mwizi." Akabofya. Zikafuata zile tatu za kuharakisha, na hapo fundi alicheka hadi bisibisi ikadondoka kwenye nywele. Kila aliyetolewa Mama Karibu alimsindikiza kwa maneno mawili ya chini chini, utusamehe, ufike salama. Alipofika kwenye hali ya hewa ya ule mji, aliomba asome kwanza ya siku hiyo. Jua lilikuwa linawaka huko. Akashusha pumzi, akaruhusu.

Kwa kipepeo alikwama. "Huyu ameniamkia kila siku," alisema. "Hata siku ambazo Shemeji hakuniamkia."

Fundi alimtazama. Alikuwa mkali lakini hakuwa na roho mbaya. "Basi abaki. Lakini haamki mpaka umwamshe wewe. Ukimtaka, unamwita. Humtaki, analala. Siyo kila anayeingia kwako lazima akae kichwani kwako."

"Na hilo linawezekana?"

"Mama, kuna kitufe cha Hapana. Kiko pale pale pembeni mwa Ndiyo. Kimekuwepo siku zote."

Mama Karibu alikitazama kitufe hicho kwa muda. Alikuwa amekiona, ndiyo, lakini alidhani kimewekwa kwa ajili ya watu wengine. Akawaza kwamba huenda hiyo ndiyo ile nusu nyingine ya somo, ambayo yule mzee wa suruali aliondoka nayo kwenda tawi jingine.

Alirudi nyumbani, akaiweka kompyuta mezani bila blanketi, na kumweleza Shemeji mambo yote aliyoyasikia. Alimweleza kuhusu vitu vinavyoomba kuingia mara moja, halafu vinakaa moja kwa moja, havifanyi kazi yoyote, vinakula nafasi tu, na mwenye nyumba anakosa pa kupita. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasimulia kompyuta. Lakini Shemeji aliacha kutafuna. Baadaye kidogo ilisikika sauti ya maji jikoni: alikuwa anaosha vyombo, hata vile vilivyokuwa safi. Kesho yake kinanda kisicho na sauti kilirudishwa kwa mwenyewe, kikisukumwa na Shemeji peke yake, jasho likimtoka.

Jumapili ikafika. Mama Karibu alivaa gauni la maua. Kompyuta sasa iliwaka kabla hajavaa miwani, kama siku za mwanzo, na akatambua kwamba sasa hana wa kumsingizia. Ikiwa Dada atampa shikamoo tena leo, haitakuwa kosa la kipepeo wala la mlinzi. Itakuwa ni Dada mwenyewe ameondoka. Aliwaza kuizima na kusema tena imechelewa. Kisha akapiga moyo konde, akabofya.

Picha ilikuja mara moja. Dada ndiyo kwanza alikuwa anakaa, anavuta kanga yake mabegani, binti yake amemshika kiwiko.

Mama Karibu hakusubiri. "Shikamoo, Dada."

Dada aliinua uso. Macho yake yalizunguka kwenye skrini, yakapita, yakarudi.

"Marahaba," alisema Dada. "Mbona umekonda hivyo? Hakuna chakula huko, au kila kitu unawapa watu?"

Mama Karibu alicheka, machozi yakamtoka palepale. Alitaka kusema mengi na yote yalikuja kwa pamoja mlangoni. Kabla hajatoa hata moja, kadirisha kakachomoza katikati ya skrini na kumfunika Dada kuanzia paji la uso hadi kidevu. "Tafadhali," kaliandika, "kompyuta yako inaweza kuwa na kasi zaidi. Unaturuhusu tuingie?"

Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye Ndiyo. Miaka yote ya meza ya mapokezi ilikuwa ndani ya vidole hivyo. Aliona sikio moja tu la Dada, limebaki nje ya kadirisha, na hereni yake.

"Mbona umenyamaza?" aliuliza Dada nyuma ya kadirisha. "Uko na nani hapo?"

"Kuna mtu anabisha hodi, Dada," alisema Mama Karibu. "Anaomba kuingia. Ana adabu sana."

Upande wa pili kiti kikalalamika. Kisha Dada, aliyekuwa haijui siku wala mwezi, akajaza kifua chake pumzi na kupaza sauti iliyomtoa Shemeji jikoni na sahani mkononi:

"Hatupo!"

Mama Karibu akabofya Hapana.